Mbwa akiuma hana mwenyewe

Agosti 11, 2025, majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya India waliamuru mbwa wote wanaozurura Delhi na vitongoji vyake wakamatwe, wafungiwe katika vituo vya kuhifadhia mbwa ndani ya wiki nane, na wasirudishwe tena mitaani. Mwezi haujaisha, Agosti 22, jopo la majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo likailegeza amri: mbwa akishahasiwa na kuchanjwa arudishwe alikotolewa, isipokuwa mwenye kichaa au mwenye tabia ya kushambulia watu. Novemba ikaja amri nyingine, ya kuwaondoa moja kwa moja katika maeneo ya shule, hospitali, vituo vya mabasi na stesheni za reli. Kwetu huku iliyosambaa ni ile amri ya kwanza tu. Mijadala niliyoifuatilia, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, iliishia mahali pamoja: Wahindi wamechoka, nasi tumechoka, ila sisi hatuna haja ya kujenga vituo, wapigwe risasi yaishe. Na hayo si maneno ya kijiweni peke yake. Ziko halmashauri na kaunti ambazo mtoto akishang'atwa na habari ikavuma, hutoa tangazo upesi kuliko zinavyopeleka chanjo: mbwa atakayekutwa anazurura atauawa.

Nadhani jambo hili tumelisoma vibaya. Tumeligeuza kuwa ugomvi kati ya wanaopenda mbwa na wanaopenda watoto wao, na kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayemweka mbwa mbele ya mtoto, hukumu inakuwa imeandikwa kabla kesi haijasikilizwa. Hoja yangu ni kwamba katika nchi zetu kuua mbwa kwa jumla hakuwalindi watoto. Kunaharibu kitu ambacho kinga yao yote imeegemea, nacho ni uhusiano kati ya mbwa na mwenye mbwa. Daktari wa mifugo anayekabidhiwa bunduki au nyama yenye sumu na mwajiri wake anatumwa kufanya jambo ambalo maadili ya fani yake yanalikataa, na sayansi ya fani hiyo hiyo inamwambia halitasaidia. Ni nadra mambo hayo mawili kuangukia upande mmoja. Yakiangukia upande mmoja, mtu anapaswa kusikiliza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana makosa ya hesabu yanaanzia humo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Makadirio yanayotumika ni kama watu 1,500 kwa mwaka Tanzania na hadi 2,000 Kenya. Karibu vifo vyote, 99 katika kila 100, vinatokana na mbwa, si popo wala mbweha, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Kilichobaki kwa hospitali ni kumtuliza, na kwa ndugu ni kusubiri. Kabla ya dalili, kinyume chake, ugonjwa huu unazuilika kirahisi: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha sindano za kinga zifuate kwa ratiba. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Leo bado tunazika watoto kwa sababu zahanati haina dozi, au dozi ipo na baba anahangaika kukopa nauli ya kwenda mjini na hela ya sindano ya pili. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na Kenya ilizindua mkakati wake wa lengo hilo tangu 2014. Muda uliobaki ni mfupi mno kupotezwa kwa njia zilizokwisha kushindwa kwingine.

Sasa mbwa wenyewe. Mjini Delhi wapo mbwa wengi ambao kweli hawana kaya. Wanalishwa na mtaa mzima na hawalali uani kwa mtu. Hapa kwetu picha ni nyingine, na hili ndilo kosa la kwanza la wanaotaka kuiga ile amri. Mbwa unayemwona akipita peke yake barabarani saa nne asubuhi, mbavu zinahesabika, kwa sehemu kubwa ana kwao. Utafiti uliofanywa Iringa mjini ulikuta mbwa wasio na mwenyewe ni wachache mno, na tafiti za vijijini Tanzania zinasema vivyo hivyo. Hafungwi, hafugwi bandani, hana mkanda shingoni; usiku hulinda, mchana huachiwa ajitafutie. Anakula ukoko wa ugali na mifupa ya sikukuu. Anaitwa Simba au Popi, au amepewa jina la fumbo la kumsema jirani asiyelipa deni. Asubuhi anafuatana na watoto machungani, fisi akija anabweka, nyani wakivamia mahindi anatumwa. Hapelekwi kwa daktari akiugua, na akifa hakuna atakayemlilia hadharani. Mgeni aliyezoea kuona mbwa akilala kitandani kwa mtu atasema hapa hakuna mapenzi, ni matumizi tu. Wapo hata wasomi wetu wanaosema hivyo, wakiwa wamejifunza kupima mapenzi kwa kipimo cha watu wengine.

Ukitaka kuujua uhusiano huo ulivyo, nenda siku ya chanjo. Nilikaa asubuhi moja chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, nikiangalia. Afisa mifugo alikuwa na meza ya shule, kisanduku cha barafu, boksi la mabomba ya sindano na kitabu cha kadi. Kabla jua halijapanda, foleni ilikuwa ya watoto. Watu wazima walikuwa wachache, wamesimama kando kama waliokuja kwa shughuli nyingine. Mbwa walivutwa kwa kamba za katani, kwa vipande vya khanga kuukuu, mmoja kwa waya wa breki ya baiskeli. Kijana mmoja wa miaka tisa hivi alikuwa amembeba wake begani kama mbuzi, maana njiani aligoma. Mbwa mkubwa, mwenye kovu puani, alikuwa akimkoromea kila aliyemkaribia. Afisa akasogea nyuma, akamwambia msichana aliyemleta amshike yeye. Msichana akachuchumaa, akamzungushia mkono shingoni, akamfunika macho kwa kiganja, akamwambia neno sikioni. Sindano ikaingia, mbwa hata hakugeuka. Afisa akauliza jina la mbwa ili aandike kadi, na foleni nzima ikamjibu kabla ya mwenyewe.

Kile kiganja machoni ndicho miundombinu ya afya ya umma ninayoizungumzia. Hakuna serikali katika eneo hili yenye wakamataji mbwa wa kutosha, nyavu za kutosha wala magari ya kutosha kumfikia kila mbwa wa kila kitongoji. Anayeweza kumleta ni yule ambaye mbwa anamwamini. Hata elimu kubwa tuliyo nayo kuhusu ugonjwa huu imepatikana kwa njia hiyo: wilayani Serengeti, tangu 2002, watafiti waliufuatilia mlolongo wa maambukizi kaya kwa kaya, kwa kuuliza tu. Mbwa wa fulani alitokea wapi, alimng'ata mbwa wa nani, yule aliyeng'atwa yuko wapi sasa. Watu walikumbuka. Ungekuwa ni mji wa mbwa wasio na wenyewe, hakuna ambaye angekuwa na jibu.

Wanaotetea risasi wana hoja, na ya kwanza ni nzito. Wanasema: chanjo inazuia kichaa, haizuii meno. Mtoto aliyeraruliwa uso na kundi la mbwa karibu na jalala au machinjio hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba walikuwa wamechanjwa. Mbuzi wa mjane aliyeuawa usiku hafufuki kwa kadi. Ni kweli. Pale ambapo mbwa fulani, wanaojulikana, wamekuwa wakishambulia watu, waondolewe, na ikibidi wauawe na mtu mwenye ujuzi, kwa njia isiyotesa. Sidai kwamba kila uhai wa mbwa ni lazima uokolewe kwa gharama yoyote. Lakini kundi la jalalani limeitwa pale na jalala, na ukilimaliza leo ukaacha utumbo wa machinjio wazi, baada ya miezi michache nafasi itajazwa na wengine, wachanga, ambao hawajawahi kuchanjwa.

Hoja ya pili inasikika kama hesabu rahisi: mbwa wakipungua, kichaa kitapungua. Hapa ndipo watu wengi makini wanapoteleza, kwa sababu kwa magonjwa mengi hesabu hiyo ni sahihi. Kwa kichaa cha mbwa si sahihi. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wengine wachache sana, kwa wastani kati ya mmoja na wawili, na idadi hiyo haibadiliki sana iwe ni kijiji chenye mbwa wengi au wachache. Mbwa aliyeingiwa na ugonjwa hamng'ati aliye karibu tu kwa bahati. Anatembea masafa, anatafuta. Ukipunguza mbwa kwa nusu, yeye bado atawafikia wengine. Kwa hiyo kinachokata mnyororo ni sehemu ya mbwa waliobaki ambao wana kinga, na kiwango kinachotakiwa, asilimia 70, kinafikika. Sasa fikiria timu ya risasi inapoingia kijijini miezi mitatu baada ya chanjo. Inampiga nani? Inampiga aliye rahisi kumkaribia, asiyeogopa watu, yaani yule yule aliyeweza kushikwa na kuchanjwa. Mkali na mwoga wanakimbilia porini. Halmashauri imetumia fedha kuchanja, kisha imetumia fedha nyingine kuua kinga iliyoinunua. Ni kutia maji kwenye pakacha, tena kwa ndoo ya umma.

Hili si la kinadharia. Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi 1997, mbwa wachache walipoingizwa kwa boti ya wavuvi kutoka Sulawesi. Serikali ikaua mbwa kwa malaki, karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa. Ugonjwa ukaenea. Watu waliwahamisha mbwa wao usiku kuwaepusha na wauaji, wengine wakaleta wapya kujaza nafasi, na virusi vikasafiri pamoja nao. Kisiwa cha Bali, huko huko Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008, nacho kilianza kwa kuua, kikaona visa vinazidi, na mafanikio yalianza kuonekana kilipogeukia chanjo ya kisiwa kizima kuanzia 2010. Linganisha na Pemba, ambako hatuhitaji mkalimani. Chanjo ya kila mwaka ilianza 2010, ikaboreshwa kadiri watu walivyojifunza makosa, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani ilikuwa imekatika. Kisha ikatokea ile hali tuijuayo sote: ugonjwa haupo, basi bajeti ya nini? Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena mara mbili, mlipuko ukazuka. Chanjo ikarudishwa, na Oktoba 2018 ukazimwa tena. Kisiwa kimoja kimetufanyia majaribio yote mawili, la kuchanja na la kuacha kuchanja, na majibu yapo.

Pemba inafaa pia kwa hoja ya tatu, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayopigiwa makofi: kwamba huruma kwa mbwa ni uzungu, kwamba Mwafrika na mbwa ni bwana na mlinzi wake, basi, na kwa Mwislamu wa pwani hata huo ulinzi una mashaka. Wapemba ni Waislamu karibu wote. Wengi wao wanashika madhehebu ya Shafii, ambayo yanataka chombo alicholamba mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mbwa haingii ndani. Pamoja na hayo kisiwa kiliwachanja mbwa wake hadi ugonjwa ukaisha, kwa sababu mwenye mbwa wa kuwinda na mwenye mbwa wa shamba walimshika, wakamleta. Na wanaotumia dini kuhalalisha sumu wangepaswa kuikumbuka hadithi inayosomwa hadi chuoni, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Najisi ni suala la tohara. Halijawahi kuwa kibali cha kutesa. Anayesema kujali mbwa tumeletewa kwa meli hajawahi kumwona mchungaji akigawana maziwa na mbwa wake, au anamwona kila siku na hamhesabu.

Ila kuna watu wa upande ninaoutetea ambao nao wananipa shida. Wapo watetezi wa wanyama wanaotaka kila kampeni ya chanjo iwe pia ya kuhasi, na wanatoa mfano wa kanuni za India za kuhasi na kuchanja kabla ya kumrudisha mbwa mtaani. Kuhasi ni jambo jema kwa mbwa na kwa mtaa. Lakini ni upasuaji: unahitaji daktari, ganzi, uzi, mahali safi, na siku za kumwangalia mbwa apone. Kwa muda ambao daktari anahasi mbwa mmoja, mwenzake chini ya mwembe amechanja foleni nzima. Katika wilaya yenye madaktari wa mifugo wa kuhesabika kwa vidole, kufanya kuhasi kuwe sharti la chanjo ni kuchagua watoto wafe kwa jina la ustawi wa wanyama. Miji yenye uwezo ifanye yote mawili. Kijijini chanjo itangulie. Wapo pia wanaochukia kusikia neno kuua hata kwa mbwa anayetoa udenda, aliyepooza taya, anayejigonga ukutani. Huyo anateseka, hatapona, na kila dakika anayoishi ni hatari. Kumuua haraka ni huruma kwake na kwetu.

Fani ya udaktari wa mifugo, ikifika hapo, ina mtihani ambao udaktari wa binadamu hauna. Daktari wa mtu ana mgonjwa mmoja. Daktari wa mifugo ana watatu kwa pamoja: mnyama aliye mbele yake, mwenye mnyama anayemlipa au anayemwamini, na umma ambao haupo chumbani. Kwa siku za kawaida watatu hawa wanataka kitu kimoja. Wanapotofautiana, sheria zetu zinamwacha peke yake zaidi kuliko tunavyokiri. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza kumtesa mnyama; Kenya inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama iliyo ya zamani zaidi. Lakini nyama yenye sumu ya striknini, ambayo humuua mbwa kwa mitetemeko ya misuli huku akili yake ikiwa macho, na ambayo haichagui kati ya mbwa, paka na tai, imekuwa ikitumiwa na mamlaka zilizo chini ya serikali hizo hizo. Afisa anayekataa kuitega hana pa kukimbilia. Kukataa kwake kutaitwa utovu wa nidhamu kazini. Mabaraza ya veterinari yanayosimamia leseni yangeweza kumkinga kwa kutamka wazi kwamba kutega sumu mitaani ni kwenda kinyume na maadili ya fani, hata kama agizo limetoka ngazi gani.

Kesi ngumu hasa haihusu sumu, na ndiyo inayoninyima usingizi kuhusu hoja yangu mwenyewe. Mbwa wa nyumbani, mzima, hajachanjwa, ameng'atwa jana na mbwa aliyethibitika kuwa na kichaa. Kanuni za kitaalamu zinataka auawe, au atengwe kwa miezi kadhaa, nne hadi sita, mahali asipoweza kumgusa mtu wala mnyama. Mjini kwa mwenye nacho, banda la chuma litatafutwa. Kijijini hakuna banda. Kuna kamba na mti, na watoto sita wanaopita hapo kwenda kisimani. Daktari anajua kwamba hilo la kutengwa halitekelezeki. Mwenye mbwa anajua kwamba mbwa wake leo anakula na anatikisa mkia. Hapa uhusiano niliokuwa nausifu unageuka kuwa hatari, kwa sababu mapenzi yale yale yaliyomleta mbwa kwenye foleni yatamficha nyuma ya ghala. Naamini huyo mbwa anapaswa kuuawa, na naamini daktari anapaswa kulisema hilo bila kuzunguka. Lakini ataeleweka tu kama alikwisha kuonekana kijijini akiwa na kisanduku cha barafu. Aliyeonekana mara ya mwisho akiwa na bunduki atakuta ghala limefungwa na familia nzima haina habari.

Hasara kubwa ya matangazo ya kuua inaonekana hapo, na inazidi idadi ya mizoga. Ni ile kauli ambayo kila muuguzi wa zahanati ameisikia. Mtu ameng'atwa, anaulizwa mbwa wa nani, hakuna anayejua. Mbwa akikamata mwizi ana mwenyewe, akiuma hana. Ukijiuliza kwa nini, jibu si uovu. Anayekiri kwamba mbwa ni wake atadaiwa gharama za sindano, ataburuzwa kwa mtendaji au kwa chifu, na mbwa atapigwa papo hapo. Amepewa sababu tatu za kusema uongo na hakupewa hata moja ya kusema kweli. Wakati huo daktari anachokihitaji kuliko kitu chochote ni kumjua mwenye mbwa, kwa sababu mbwa aliyeuma akifungwa na kuangaliwa kwa siku kumi, na siku ya kumi akawa mzima, ni hakika kwamba hakuwa na virusi mateni alipouma. Sindano, ambazo zilianza bila kusubiri, zinaweza kusimamishwa. Familia imeokoa fedha, zahanati imeokoa dozi kwa mwingine. Mbwa aliyepigwa mawe na kutupwa mtoni hawezi kumwambia daktari chochote, labda kichwa chake kipelekwe maabara, na wilaya ngapi zinafanya hivyo?

Wanaosema fedha hazipo wanasema nusu ya kweli. Mzigo umekaa vibaya. Chanjo ya mbwa inatoka kwenye fungu la mifugo, na fungu la mifugo linaishi kwa ng'ombe: minada, vibali, machinjio. Mbwa haingizi ushuru. Faida ya kumchanja, yaani watoto wasiohitaji sindano, inaonekana kwenye vitabu vya afya, idara nyingine, bajeti nyingine. Mkuu wa idara ya mifugo akikata chanjo ya mbwa, hesabu zake zinapendeza, na gharama inaangukia kwa mwenzake wa jengo la pili. Na pale halmashauri inapoamua kumtoza mwenye mbwa ili kufidia, mahudhurio hufa. N'Djamena, Chad, walilijaribu hilo: chanjo ya kulipia ilifikia karibu robo tu ya mbwa, ya bure ilivuka nusu kwa mbali. Hata sababu ya umeme wa friji za chanjo imepungua uzito, kwa kuwa utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo inabaki na nguvu kwa miezi sita katika nyuzijoto 25, na huko Mara dozi zimehifadhiwa vijijini katika vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, bila friji, zikisubiri mbwa aliyekosa siku ya kampeni na mtoto wa mbwa aliyezaliwa baada ya hapo.

Kutokana na hayo, tangazo la halmashauri linapaswa kubadilika maudhui. Chanjo ya mbwa iwe bure na iingie kwenye bajeti ya afya, ikitekelezwa na watu wa mifugo. Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, ilifungua mwaka 2024 mlango wa kusaidia nchi kupata sindano za waliong'atwa. Msaada huo hautakata maambukizi kama fedha iliyookolewa haitarudi kwa mbwa. Kisha mwenye mbwa apewe sababu ya kusema kweli: mwenye kadi ya chanjo, akiripoti mwenyewe kwamba mbwa wake amemng'ata mtu, asitozwe faini, na mbwa asiuawe bali afungwe siku kumi chini ya uangalizi. Najua kitakachosemwa, kwamba hiyo ni kumwachia mzembe. Aliyeng'atwa ana haki yake ya fidia na hilo libaki kwa mahakama. Ninachotaka kuondoa ni ile adhabu ya papo kwa papo ya serikali, inayomfanya jirani amkane mbwa aliyemlea tangu hajafungua macho. Asiye na kadi, akificha, sheria imshike. Na watoto wanaoleta mbwa wasiandikiwe kadi kwa jina la baba asiyejua hata mbwa yupo wapi. Waandikiwe kwa majina yao wenyewe, maana mbwa akianza kubadilika tabia, watakaogundua kwanza ni wao, na inafaa wawe wanajua wampelekee nani habari hiyo bila kuogopa kwamba atakuja na bunduki.